Bibi Gundi na Kurasa Nane

Kwa miaka thelathini na mmoja mwanamke huyu alishika vitabu kila siku ya kazi, na katika miaka yote hiyo alisoma vitabu vitatu tu, kimoja kwa sababu alikuwa hospitalini. Kusoma alijua, tena vizuri. Lakini kwake kitabu kilikuwa mgongo, uzi, gundi na jalada. Alikuwa fundi wa kujalidi katika kiwanda cha uchapaji, chumba cha nyuma kabisa, ambako karatasi zilimfikia zimeshachapwa, yeye akazikunja, akazishona, akazipaka gundi, akazibana na kuzikata kingo zikawa sawa kama zimenyolewa. Ukimwuliza kitabu fulani kinahusu nini, angekigeuza, akakipiga kidole mgongoni na kukujibu, "Kinahusu uzi mbovu. Mwaka hakimalizi."

Wenzake kiwandani walimwita Mama Gundi, na jina likamnata. Hata mumewe, fundi saa aliyestaafu ambaye sasa alitengeneza saa za majirani barazani, alimwita hivyo kila alipotaka kumchokoza.

Kisha kiwanda kikaleta mashine. Ilikunja, ikabandika na kukata bila kuomba maji wala kwenda msibani. Wakubwa walimweka wiki mbili aiangalie inavyofanya kazi, halafu wakamwandalia chai ya kumuaga, wakampa saa ya ukutani ambayo mumewe aliifungua siku hiyohiyo na kusema ndani yake ni plastiki tupu.

Mwezi wa kwanza nyumbani alisafisha kila kitu. Mwezi wa pili akaanza kujalidi. Alijalidi daftari za zamani za mumewe, kadi za kliniki za wajukuu, kalenda ya mwaka uliopita. Mumewe akamtazama akipitisha uzi kwenye nta na kusema, "Mama Gundi, karatasi zikiisha humu ndani utanishona mimi."

"Wewe hushoneki. Mgongo umeshapinda."

Ndivyo walivyokuwa wakati mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani alipopiga hodi. Alikuwa mama wa makamo mwenye haraka, aliyekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Mama, nina kabati la vitabu vya hadithi," alisema. "Ni mia na kitu. Vingine havina majalada, vingine vina majalada lakini ndani hamna kitu. Nimeshauriwa nivitupe. Nilivibeba mpaka kwenye shimo la taka, mkono ukakataa."

"Uzi unao?"

"Sina."

"Gundi?"

"Ya watoto, ile ya maji."

"Hiyo si gundi, ni uji," alisema Mama Gundi, na alikuwa amekwisha kusimama kutafuta kikapu chake cha vifaa.

* * *

Alipewa chumba kilichokuwa stoo ya mipira na mifagio, pembeni mwa darasa la nne. Dirisha lake halikuwa na kioo, lilikuwa na wavu tu. Meza ilikuwa na mguu mmoja mfupi, akautilia kipande cha mbao. Akapanga sindano zake, nta, kisu, mfupa wa kukunjia karatasi, mbao mbili laini na matofali manne ya kubania. Kisha akalifungua lile kabati, akashika kiuno.

Vitabu vilikuwa vimechakaa kweli. Kurasa zilikuwa zimetawanyika kama nguo baada ya upepo, na baya zaidi, pembe zake zilikuwa zimelika. Vidole vya watoto wa miaka kumi vilikuwa vimezila pole pole, na namba za kurasa zikaenda nazo. Fundi wa kujalidi hutegemea namba. Bila namba, njia ya kujua ukurasa upi unafuata upi ni moja tu, nayo ni kusoma.

Mapumziko ya saa nne pua kumi na mbili zikajipanga kwenye wavu.

"Shikamoo bibi. Unashona vitabu?"

"Marahaba. Nashona."

"Kwani vinavaa nguo?"

"Hivi vyenu vinatembea uchi, ndiyo maana nimeitwa."

Wakaangua kicheko. Siku ya pili pua zikawa ishirini. Siku ya tatu Mama Gundi, ambaye alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta ukurasa mmoja huku gundi ikimkaukia, alichoka kutazamwa bure.

"Kuliko kunitolea macho, ingieni wanne. Mikono yangu ina kazi. Mmoja anisomee mwisho wa ukurasa huu, wengine mnitafutie unaofuata."

Akamwaga kurasa sakafuni. Mtoto mmoja akasoma kwa kujikwaakwaa, "…na yule askari akafungua mlango, akaona…"

"Akaona nini?" aliuliza Mama Gundi.

"Imeishia hapo, bibi."

"Basi tafuteni alichoona."

Watoto wakapiga magoti. Kurasa zikageuzwa, midomo ikanong'ona, vichwa vikagongana. Mvulana mmoja wa darasa la nne, ambaye alikuwa bado anasoma herufi kwa herufi na ambaye kila mtu alijua kuwa kusoma humpa maumivu ya tumbo, akarusha mkono juu. "Ngazi! Aliona ngazi!" Naye alikuwa sahihi. Alitembea siku ile nzima akiwaambia watu kuwa ni ngazi.

Kuanzia hapo chumba hakikuwa na utulivu wakati wa mapumziko. Walikuja wanne wanne kwa zamu, wakapigania zamu, wakamwita Bibi Gundi. Na hawakuja kwa upendo wa vitabu, tusidanganyane. Walikuja kwa sababu ilikuwa kama kutafuta kitu kilichopotea, na kila mtoto anapenda kukipata kabla ya mwenzake. Lakini huwezi kutafuta ukurasa bila kusoma, na huwezi kusoma kurasa ishirini za askari na ngazi bila kutaka kujua alipanda kwenda wapi.

Miongoni mwao alikuwamo msichana wa darasa la nne ambaye wenzake walimwita Kimya. Hakuwa bubu. Akiulizwa jina lake alilitaja, akisukumwa alisema "acha". Zaidi ya hapo hakuwa na maneno. Hakusoma kwa sauti hata mara moja. Yeye alipata. Wenzake wakiwa bado wanabishana, Kimya alikuwa amekwisha kuinuka, akaweka ukurasa unaotakiwa kwenye kiganja cha Bibi Gundi, akarudi kwenye pembe yake.

* * *

Kitabu cha mbuzi kilikuwa chembamba. Kilisimulia habari ya mbuzi aliyepanda juu ya paa la nyumba ya mwenyewe na kukataa kushuka. Mwenye nyumba alimbembeleza, akamtisha, akaita majirani. Majirani wakaleta ngazi, kamba, majani, na mmoja akaleta filimbi. Hapo hadithi ilikatika. Fungu la mwisho, kurasa nane, lilikuwa limechomoka na kupotea. Watoto walipekua kabati lote, wakatikisa vitabu vingine, hakuna.

"Bibi, mbuzi alishuka?"

"Sijui."

"Si uwaulize wale wa kiwandani kwenu?"

"Hatukukichapa sisi. Kingekuwa chetu kisingechomoka."

Sasa, Bibi Gundi alikuwa na shida yake ya kifundi. Jalada la kitabu hukatwa kulingana na unene wa karatasi zake. Ukitoa kurasa nane, jalada linapwaya kama koti la mtu mwingine, na kitabu kinararuka tena. Kwa hiyo akachukua karatasi nyeupe, masalio aliyoyapata kiwandani siku ya kuagwa, akazikunja, akazishona mwishoni mwa kitabu mahali pa zile zilizopotea. Kitabu kikakaa vizuri, kimefunga mdomo. Alikitia kwenye rundo la vilivyo tayari, akaendelea na kingine.

Lakini jioni akiosha vyombo alijikuta amesimama na sufuria mkononi.

"Baba watoto, mbuzi akipanda juu ya paa, hushukaje?"

"Kwa njaa," alisema mumewe bila kuinua macho kwenye saa.

"Kwenye kitabu, nasema."

"Hata kwenye kitabu mbuzi anakula."

Hakuridhika. Alilala na mbuzi yule kichwani, akaona aibu, mtu mzima mwenye wajukuu.

* * *

Vitabu vilivyopona vilianza kuazimishwa siku ya Alhamisi. Jumatatu iliyofuata mlango wa stoo ulifunguliwa bila hodi, akaingia mwalimu wa Kiswahili wa darasa la nne, kitabu cha mbuzi mkono mmoja, bega la Kimya mkono wa pili.

Mwalimu huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono, kalamu nyekundu mfukoni, na watoto hamsini na wawili katika darasa moja. Aliwataka wafaulu. Kwa hiyo aliwafundisha insha kama watu wanavyofundishwa njia ya kwenda sokoni: waliyajua maneno ya kuanzia kwa moyo, waliyajua maneno ya kumalizia, katikati wakajaza. Insha zote hamsini na mbili zilianza na jua lililochomoza mashariki kama ilivyo ada yake. Aliwahi kuwapa insha juu ya siku ya mvua kubwa, na jua likachomoza mara hamsini na mbili.

"Mama, samahani kwa kukuvamia," alisema. "Hiki umekitengeneza wiki iliyopita tu. Tazama alichofanya. Ameandika ndani ya kitabu cha shule. Na huyu, nikimpa insha, hanipi hata nusu ukurasa!"

Bibi Gundi akafuta mikono kwenye aproni, akakipokea kitabu. Zile kurasa nane nyeupe hazikuwa nyeupe tena. Zilijaa penseli, herufi kubwa zilizonyooka, na pale mwandishi alipokosea alikuwa amefuta kwa makini asichane karatasi.

"Kosa ni langu, mwalimu," alisema. "Mimi ndiye niliyeweka karatasi tupu."

"Karatasi tupu si ruhusa ya kuandika."

"Mimi si mwalimu, sijui. Lakini mtoto ukimwekea sahani tupu mbele yake, atakuuliza kitu. Umekisoma alichoandika?"

Mwalimu akasita. "Nimeona mwandiko."

"Hebu nisomee, basi. Mikono yangu ina gundi."

Mwalimu alimtazama, akamtazama Kimya aliyekuwa anatazama viatu vyake, akapumua, akaanza kusoma kwa ile sauti ya kutafuta makosa.

"'Mbuzi alikuwa na njaa lakini hakushuka. Watu wote walikuwa nje wanapiga kelele. Ndani ya nyumba kulikuwa na bibi. Alikuwa amelala kwa sababu miguu yake ilikuwa haitaki kusimama. Watu walimsahau kwa sababu ya mbuzi. Bibi akasikia kwato, ko, ko, ko. Akasema, nani huyo? Mbuzi akasema, ni mimi. Bibi akasema, karibu. Mbuzi akasema, nimeshakaribia, niko juu yako. Bibi akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi.'"

Sauti ya mwalimu ilikuwa imeanza kupungua. Akafunua ukurasa.

"'Wakafanya mchezo. Mbuzi alitembea na bibi alisema, sasa uko juu ya kabati. Mbuzi akasema, ndiyo. Bibi akasema, sasa uko juu ya mlango. Mbuzi akasema, umejuaje? Bibi akasema, nakusikia. Kila siku walicheza. Watu walisema, mbuzi shuka, mbuzi shuka, yeye hakushuka. Halafu siku moja mbuzi akasema, bibi, niko wapi? Bibi hakusema kitu. Mbuzi akatembea tena kwa nguvu. Akasema, bibi, niko wapi? Ndipo akashuka.'"

Upande wa pili wa ukuta darasa la nne lilikuwa linapiga kelele kama darasa lisilo na mwalimu.

"Hakuna alama za kunukuu," alisema mwalimu hatimaye. "Hata moja." Alitoa kalamu nyekundu mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Umeitoa wapi hii?"

Kimya akapandisha mabega.

"Ulisoma mahali?"

Akatikisa kichwa.

Mwalimu akakifunga kitabu taratibu, akakiweka mezani mbali na gundi. "Mama," alisema, "karatasi hizi nyeupe unazo nyingi?"

* * *

Zilikuwepo za kutosha vitabu thelathini, na kila kitabu kilichopoteza mwisho wake kilipata mwisho mweupe. Mwalimu aliwagawia watoto kwa makundi, akawapa sharti moja: jua lisichomoze.

Isidhaniwe kuwa darasa zima liligeuka waandishi. Mvulana wa askari na ngazi aliandika mstari mmoja: "Wakafa wote. Mwisho."

"Wote?" aliuliza mwalimu.

"Ndiyo, mwalimu."

"Hata ng'ombe wa askari?"

Mvulana alifikiri. "Ng'ombe alikufa kwanza."

"Na kurasa saba zilizobaki?"

"Hizo ni za maombolezo."

Mwingine aliandika kurasa zote nane kuhusu mpira wa miguu ingawa kitabu chake kilikuwa cha nyuki. Msichana mmoja alianza kwa mazoea, "Jua lilikuwa limechomoza," akagundua, akakata, akaandika, "Samahani, ilikuwa usiku," kisha akaendelea na kisa kizuri sana cha malkia wa nyuki aliyeogopa giza. Mwalimu alikisoma mbele ya darasa akicheka mpaka akavua miwani. Na wapo waliokuja stoo muhula mzima kwa ajili ya kupaka gundi tu, hawakuandika lolote. Bibi Gundi aliwaacha wapake.

Yeye mwenyewe alikuwa amebadilika pasipo kujua. Zamani alikata, akabana, akaweka pembeni. Siku hizi alichukua kitabu nyumbani, eti kukagua uzi, na mumewe alimkuta barazani kidole kikifuata mistari.

"Uzi uko upande wa nyuma," mumewe alimwambia.

"Niache kidogo. Amefika mtoni."

* * *

Siku moja mchana, watoto wakiwa madarasani, mwanamume mrefu alisimama mlangoni pa stoo. Alikuwa seremala. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kwenye nyusi na mikononi.

"Hodi, mama. Wewe ndiye Bibi Gundi?"

"Ndiye. Karibu, kijana wangu, kaa. Kigoda hicho kinauma, kaa upande."

Alikaa. Alijitambulisha kuwa baba yake Kimya, kisha akatafuta pa kuanzia.

"Mtoto wangu ananitia wasiwasi. Tangu mama yangu afariki, mwaka jana, hasemi. Tukadhani atazoea. Sasa bado hasemi, lakini anaandika. Anakaa nyuma ya nyumba na penseli, ukimwita hasikii. Na juzi nimemkuta anacheka peke yake. Nikimwuliza unaandika nini, anaficha. Nimeambiwa ni wewe unayempa karatasi."

"Nampa."

"Anaandika nini, mama?"

Bibi Gundi alipima. Maneno yalikuwa ya mtoto, si yake. Lakini kitabu kilikuwa cha maktaba, kiko kwenye rundo, na kila wiki watoto watatu wanne walikiazima. Hakuwa anafichua siri.

"Vingine sijui, havijanifikia," alisema. "Hiki wanakisoma wote. Mzazi naye anaruhusiwa."

Akampa kitabu cha mbuzi, akamfungulia pale penseli inapoanzia. Kwanza akamweleza kwa kifupi habari za mbuzi, paa na majirani, asije akapotea.

Seremala alisoma kwa kidole, midomo ikitikisika. Alitabasamu kwenye ko, ko, ko. Alipofunua ukurasa kidole kilisimama.

"Kabati," alisema.

"Ehe?"

"Hili kabati nililitengeneza mimi. Lilikuwa kwenye chumba cha mama yangu, miguuni pa kitanda. Na mlango uko hapa, hivi." Alionyesha hewani kwa mkono. "Mama alilala miaka miwili, miguu ilikataa."

"Pole sana. Na mbuzi mlikuwa naye?"

"Mbuzi wapi! Hatujawahi kufuga hata kuku." Halafu uso wake ukabadilika pole pole, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. "Alikuwa anapanda paani, huyu mtoto. Kila siku akitoka shule. Paa letu ni la mabati, anatembea huku na huku. Nilikuwa namfokea. Shuka, utavunjika shingo! Nikimshusha leo, kesho yuko juu. Nilidhani ni ukaidi."

Akarudi kwenye kitabu. Alisoma mpaka mwisho, akarudia mstari wa mwisho mara mbili, tatu, na vumbi la mbao likaanguka kutoka kwenye nyusi zake hadi kwenye karatasi. Hakulipangusa.

"Ndiye aliyemkuta," alisema. "Siku ile. Alikuja karakana akaniambia, baba, bibi amelala haamki. Basi. Hakusema alikuwa juu. Hakusema alimwita."

Bibi Gundi alichukua sindano yake akaendelea kushona, ili yule mtu asijione anatazamwa. Alishona fungu zima. Kengele ikalia. Seremala akasimama.

"Naweza kukiazima?"

"Siku saba," alisema Bibi Gundi, akaandika kwenye daftari: Baba yake Kimya, kitabu cha mbuzi.

Kesho yake wakati wa mapumziko Kimya aliingia stoo, akaenda kwenye pembe yake, akakaa. Wenzake walikuwa wanatafuta ukurasa wa mamba. Yeye hakutafuta.

"Baba alinisomea kitabu changu jana," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito kama mlango usiofunguliwa muda mrefu. Watoto wote wakageuka. "Anaruka nukta."

"Hao maseremala," alisema Bibi Gundi, "hawaoni vitu vidogo. Halafu?"

"Halafu tulilia kidogo. Halafu akaniuliza kama mbuzi anaweza kupanda tena, mimi nikasema akitaka."

Kisha akapiga magoti na kuupata ukurasa wa mamba, kabla ya wote.

Kitabu hakikurudi baada ya siku saba. Kilirudi baada ya mwezi, mikononi mwa seremala, pamoja na rafu ya vitabu ya mbao ngumu aliyoibeba kichwani, yenye ngazi tano, iliyopigwa msasa hadi ikang'aa. Alisema ni faini ya kuchelewesha.

* * *

Vitabu mia na kumi na nne vilipona. Kazi ilipokwisha, mwalimu mkuu aliomba Bibi Gundi aendelee kuja Jumanne na Alhamisi, kwani watoto wenye afya wanararua vitabu kila siku. Mwalimu wa Kiswahili aliacha jua lichomoze tena mwezi wa mtihani, kwa kuwa mtihani ni mtihani na hakutaka kuwatosa wanafunzi wake. Lakini muhula mpya ulipoanza alilizima. Baadaye katoni ya vitabu vipya ikafika, na ndani yake kulikuwa na kitabu cha mbuzi, kizima. Watoto walikinyang'anyana kujua mwisho wa kweli. Kumbe jirani wa filimbi alipiga filimbi, mbuzi akacheza dansi, akateleza, akadakwa. Wengi walifurahi, wengine wakasema ule wa kwanza ulikuwa mtamu zaidi. Kimya alikisoma amesimama, akakifunga.

"Wamesahau kuangalia ndani ya nyumba," alisema, akamhurumia mwandishi.

Siku ya kufunga shule mwaka huo wazazi walialikwa kusikiliza watoto wakisoma walichoandika. Kimya aliombwa, akakataa. Aliombwa tena, akakubali kwa sharti: asionekane. Basi viti vikapangwa uwanjani kuelekea dirisha la stoo, naye akakaa ndani, nyuma ya wavu, pamoja na Bibi Gundi. Hakusoma habari za mbuzi. Alisema hizo zimeisha. Alisoma kisa kipya, cha mwanamke aliyeshona mto uliopasuka ili maji yasimwagike, na samaki waliokuwa wakimsaidia kutafuta uzi. Alisoma taratibu, akisimama kwenye kila nukta. Nje watu waliinamisha vichwa ili wasikie. Mtoto mdogo aliyeanza kulia alibebwa mbali. Mvulana wa "wakafa wote" alikuwa ameketi chini mstari wa mbele, mdomo wazi.

Alipomaliza, watu walipiga makofi wakilitazama dirisha lisiloonyesha mtu. Kimya alikunja karatasi zake.

"Bibi, yule mwanamke nimemfanya mnene. Umekasirika?"

"Kwani ni mimi?"

"Kidogo."

"Basi mwache hivyo hivyo," alisema Bibi Gundi. "Mtu mwembamba mto ungembeba."

Nje mwalimu alikuwa anaita jina la mtoto anayefuata, na yule mtoto, kwa hofu au kwa kiburi, alikuwa amekwisha kuanza kusoma kabla hajafika mbele.